Chupa Mbele ya Wazee

Chupa yenyewe ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Mgeni wetu, Mlutheri kutoka Australia Kusini aliyekuwa amekuja kuwatembelea ndugu huko Mugumu, aliiweka mezani mbele ya baraza la wazee wa ushirika wetu hapa Tarime. Akasema, kwa Kiswahili alichojifunza kwa bidii, kwamba ni zawadi kwa ajili ya Meza ya Bwana. Ilikuwa divai nyekundu, iliyotengenezwa na familia ya wakulima wa kwao, watu anaosali nao. Mchungaji akamshukuru kwa niaba yetu. Kisha pakawa kimya.

Wasomaji wengi wa Tarime na Serengeti watakielewa kimya hicho bila kuelezwa. Sisi ni Wamennonite, na tangu nipate akili sijaona kileo katika kikombe chetu cha Chakula cha Bwana. Kina mama huchemsha rosela na kuitia sukari kidogo, au mtu akitoka Musoma hutuletea juisi ya zabibu ya dukani. Tena mmoja wa wazee waliokaa pale siku ile alikunywa gongo kwa miaka kumi na tisa kabla Bwana hajamtoa huko. Yeye ndiye aliyevunja kimya. "Ndugu zangu," alisema, "mimi hata harufu yake naiogopa." Mzee mwingine, Biblia ikiwa magotini, akajibu kwamba pale Kana ya Galilaya Bwana hakugeuza maji kuwa juisi. Sauti zikaanza kupanda. Mgeni akawa anatutazama mmoja mmoja, na uso wake ulionyesha wazi kwamba anajuta.

Mchungaji aliahirisha neno lile, akanigeukia. Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo mambo ya namna hii huangukia kwangu. "Mwalimu," akasema, "tutafutie kikombe hiki kimetoka wapi." Haya ninayoandika ni yale niliyowaletea wazee majuma matatu baadaye, nikiyaongezea kidogo.

Nilianzia nyumbani, kwa sababu watu wetu hawakumsubiri mmisionari awafundishe kunywa pamoja. Wakurya wa Tarime, kama Wangoreme na majirani zao wa upande wa Serengeti, walikuwa na pombe ya ulezi na mtama, amarwa. Nafaka haichachi kwa urahisi kama tunda. Sharti iloweshwe, iachwe iote, ianikwe na kusagwa iwe kimea, ndipo wanga wake ugeuke kuwa sukari na hamira ipate chakula. Ni kazi ya siku kadhaa, na ilikuwa kazi ya wanawake. Wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakivuta pombe ya moto polepole huku wakizungumza habari za ng'ombe, mipaka na mahari. Kukaa kwenye chungu kimoja kulikuwa ni kukiri kwamba kati yetu hakuna neno.

Pombe hiyo ilikuwa pia ujira. Shamba lililozidi nguvu za mwenyewe lilipaliliwa kwa risaga: majirani wanakuja na majembe yao alfajiri, na kazi ikiisha mwenye shamba anawapa pombe. Hapakuwa na fedha katika mapatano hayo. Leo kwako, kesho kwangu. Pombe ilimwagwa pia pale wazee walipobariki na pale walipoaga marehemu. Sisemi hivi ili kuipamba. Chungu kile kilikuwa na walevi wake, na wake za walevi walijua gharama yake. Lakini kilikuwa na mipaka: wazee walikuwapo, na ulezi wenyewe haukuwa mwingi kiasi cha kunywewa kila siku.

Gongo ni kitu kingine kabisa. Inapikwa kwa moto, mvuke wake unapozwa na kukingwa, nayo inatoka kali na haina msimu. Mwaka 1966 Bunge lilitunga sheria juu ya pombe ya moshi, lakini sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Sirari tunajua kwamba sheria moja ikiibana huku, chang'aa inavuka kutoka kule. Anayekunywa gongo hana haja ya chungu wala mrija wala mzee wa kumtazama. Anaweza kuinywa peke yake, gizani, nyuma ya nyumba. Ndugu yetu aliyeiogopa harufu ya divai alitoka katika giza hilo, si katika chungu cha risaga. Nadhani mabishano yetu mengi yanatokana na kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja.

Wamisionari waliotuletea Injili kwa njia ya Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934. Wa kwanza walikuwa akina Elam Stauffer na John Mosemann pamoja na wake zao, kutoka jimbo la Pennsylvania, Marekani. Shirati leo iko Rorya, lakini kabla wilaya haijagawanywa mwaka 2007 yote ilikuwa Tarime, na kutoka huko kazi ilipanda milimani hadi Nyabasi kwa Wakurya. Katika mafundisho yao pombe ilikuwa pombe. Aliyetaka ubatizo aliiacha. Uamsho ulipowaka Shirati mwaka 1942, watu waliungama mbele ya kusanyiko mambo ambayo walikuwa wameyaficha kwa miaka, na kuacha pombe kukawa moja ya alama za kwamba mtu ameokoka kweli. Alama hiyo tumeirithi sisi wote, hata tusiokuwa tumezaliwa wakati huo.

Ilikuwa na bei yake. Mkristo wa kwanza katika kitongoji alipokataa kupika pombe, hakuacha kileo tu. Aliacha pia njia ya kupata mikono ya kupalilia shamba lake. Ilimbidi awaite majirani kwa uji na chai, na wengine hawakuja. Alijitoa kwenye chungu cha wazee, na kumbe kule ndiko mambo ya ukoo yalikoamuliwa. Kwa hiyo walipoketi kwenye Chakula cha Bwana na kikombe kikapita kutoka mkono hadi mkono, naamini walikuwa wanarudishiwa chungu walichokipoteza. Kikombe hicho kisichokuwa na kileo kiliwagharimu. Ndiyo sababu sipendi kusikia vijana wakikiita kikombe cha watu wasiojua Maandiko.

Hata hivyo ilinibidi niwaambie wazee jambo ambalo halikuwafurahisha wote. Nilipokuwa kijana nilidhani Wamennonite wamekunywa juisi tangu zamani za mitume. Sivyo.

Fikiri kidogo juu ya tunda lenyewe. Zabibu, tofauti na ulezi, imejaa sukari tayari, na hamira inakaa juu ya ganda lake. Ukiiponda na kuiacha mahali penye joto, inaanza kuchacha yenyewe kabla siku mbili hazijaisha, bila kimea wala mpishi. Nchi za mizabibu huvuna kwa msimu. Kanisa lililotaka kushiriki miezi sita baada ya mavuno lingepata wapi maji ya zabibu yasiyochacha? Wapo walioloweka zabibu kavu. Lakini kwa karne kumi na nane karibu kila Mkristo aliyeshiriki kikombe alishiriki divai, naye Paulo alilazimika kuwakemea Wakorintho kwa sababu wengine walikuwa wakilewa pale pale mezani.

Aliyebadilisha jambo hili alikuwa daktari wa meno. Thomas Bramwell Welch alikuwa Mmethodisti wa Vineland, New Jersey, na katika kanisa lake yeye ndiye aliyeandaa Meza ya Bwana. Alikuwa mpinzani mkubwa wa ulevi, na ilimsumbua kwamba mwezi mzima anahubiri dhidi ya kileo kisha Jumapili anakimimina kikombeni. Huko Ufaransa Louis Pasteur alikuwa ameonyesha kwamba joto la kiasi linaua vijidudu vinavyochachusha. Mwaka 1869 Welch alikamua zabibu jikoni kwake, akatia maji yake katika chupa, akazifunga na kuzitumbukiza katika maji ya moto. Zikakaa bila kuchacha. Mwanzoni makanisa hayakumjali sana. Ni mwanawe Charles aliyekuja kuifanya biashara kubwa miaka ya 1890. Ina maana kwamba kikombe cha juisi, ambacho tunakitetea kama mapokeo ya mababa, kina umri sawasawa na Mfereji wa Suez.

Mzee mwenye Biblia magotini alitabasamu hapo, na nikamwomba asitabasamu mapema. Katika Injili, Bwana anapokitaja kilichomo katika kikombe usiku ule wa mwisho, hatumii neno divai. Anasema uzao wa mzabibu. Akina Welch waliyashika maneno hayo, wala si maneno ya kupuuzwa.

Je, Wamennonite wenyewe? Mababu wa wale wamisionari wa Pennsylvania walitoka Uswisi na nchi ya Palatinate, katika bonde la mto Rhine, mahali pa mizabibu tangu Warumi. Walifukuzwa Uswisi kwa sababu walikataa kubatiza watoto wachanga na kushika silaha. Huko Palatinate waliruhusiwa kulima ardhi iliyoharibiwa na vita, na baadhi yao walijulikana kwa mizabibu na hata kwa pombe kali walizotengeneza. Walishiriki kwa divai, na hata baada ya kuvuka bahari kwenda Marekani waliendelea kwa vizazi vingi. Ni baadaye, vita dhidi ya ulevi ilipoenea katika makanisa ya Marekani, ndipo juisi ilipoingia kwao, nao wakatuletea sisi. Wengi wao kule kaunti ya Lancaster walikuwa pia wakulima wa tumbaku, jambo ambalo halikuingia sana katika mahubiri. Kila taifa huona kibanzi chake kwa shida.

Hapo nikageukia chupa ya mgeni, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa habari hii ilinigusa kuliko nilivyotazamia.

Mwaka 1817 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Tatu, aliamua kuunganisha makanisa ya Kilutheri na ya Kireformed katika nchi yake. Nia yake haikuwa mbaya: yeye alikuwa Mreformed na mkewe Mlutheri, na hawakuweza kushiriki meza moja. Lakini mwaka 1830 kitabu kimoja cha ibada kilianza kulazimishwa kwa wote, na ugomvi mkubwa ukawa juu ya maneno ya Meza ya Bwana. Katika kitabu cha mfalme mchungaji, akigawa mkate, alieleza tu kwamba Kristo alisema huu ni mwili wake. Walutheri wa zamani walitaka mchungaji atamke mwenyewe kwamba huu ndio mwili wa kweli. Kwetu sisi yanaonekana maneno mawili matatu. Kwao ilikuwa imani yenyewe. Wachungaji waliokataa walifukuzwa na wengine wakafungwa. Katika kijiji cha Hönigern huko Silesia, Desemba 1834, askari walitumwa kulifungua kanisa kwa nguvu, huku waumini wamesimama mbele ya mlango.

Mchungaji mmoja wa watu hao, August Kavel, alikwenda London kutafuta mahali pa kuwahamishia. Huko alikutana na mfanyabiashara Mbaptisti, George Fife Angas, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa koloni jipya la Australia Kusini. Angas aliwakopesha nauli. Meli yao ya kwanza ilifika Novemba 1838. Mwaka 1842 wengine walianzisha kijiji katika bonde la Barossa wakakiita Bethania, jina la kijiji cha Martha na Mariamu. Walikuwa wakulima wa ngano na mboga, na kila familia ilipanda mizabibu michache kwa matumizi ya nyumbani na ya kanisa. Kaskazini kidogo, pale Sevenhill, Wajesuiti kutoka Austria walipanda yao mwaka 1851 kwa kusudi moja la wazi, divai ya misa, na mpaka leo wanaitengeneza.

Familia iliyotengeneza chupa ya mgeni wetu sitaitaja. Ni wakulima wadogo na wangependa kukaa kimya. Iko familia nyingine ya huko inayojulikana dunia nzima, na historia yake inafanana na ya jirani zake wengi. Johann Christian Henschke alifika kutoka Silesia mwaka 1841. Baadaye alinunua shamba Keyneton, kwenye vilima vya mashariki ya bonde, na mwaka 1868 akauza divai yake ya kwanza. Shamba linalowapa sifa leo liko ng'ambo ya barabara kutoka kanisa la Kilutheri la Gnadenberg, jina ambalo maana yake ni Kilima cha Neema, na divai inayotoka hapo inabeba jina hilohilo kwa Kiingereza: Hill of Grace. Mashina ya kale zaidi yalipandwa yapata mwaka 1860, na wenyewe wanayaita Mababu. Cyril Henschke alianza kuitia divai ya shamba hilo katika chupa za peke yake mwaka 1958, na Stephen na Prue, kizazi cha tano, wakaiendeleza. Chupa moja sasa inauzwa kwa bei ambayo hapa kwetu ingenunua ng'ombe.

Zabibu hiyo inaitwa Shiraz. Maji yake, kama ya karibu zabibu zote nyekundu, hayana rangi. Wekundu uko kwenye maganda. Anayetaka divai nyekundu huyaacha maganda yachache pamoja na maji yake, na kadiri yanavyokaa ndivyo rangi na ukali wa ulimini unavyoongezeka. Barossa ni mahali pa jua kali, zabibu inaiva na sukari nyingi, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka kuwa kileo. Kwa hiyo divai yao ni nzito na yenye nguvu. Mgeni wetu alisema kwao huiweka kijiko kimoja tu kikombeni na kuiongezea maji.

Lipo jambo moja la mwisho kuhusu mashina hayo. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo kutoka Amerika, anayekula mizizi ya mizabibu, aliingia Ulaya na kuangamiza mashamba ya Ufaransa na nchi jirani. Australia Kusini ilifunga mipaka yake kwa mimea kutoka nje, na mdudu huyo hajawahi kufika huko. Ndiyo maana baadhi ya mashina ya kale kabisa ya Shiraz duniani yanayozaa hata leo yako Barossa, na si Ufaransa yalikotoka.

Nilipomaliza sehemu hiyo, mzee wetu wa gongo alikuwa ameinama. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hawa watu walikimbia nchi yao kwa ajili ya Meza?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na wetu pia walifukuzwa Uswisi." Nikasema ndiyo. Hakuongeza neno.

Nisimwache msomaji akidhani mizabibu ni habari ya ng'ambo peke yake. Tarime haiipendi: milimani kwetu mvua inapita milimita 1,200 kwa mwaka, na unyevu huo unaleta ukungu kwenye majani na kuozesha vichala kabla havijaiva. Dodoma, ambako mvua haifiki milimita 600 na kiangazi ni kirefu, inaipokea vizuri, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Nani aliipeleka huko? Wamisionari Wakatoliki, waliopanda mizabibu pale Bihawana, nje ya mji wa Dodoma, katika miaka ya 1950. Kutoka misheni ilienda kwa wafungwa wa Isanga na kwa wanavijiji. Miaka ya 1980 palikuwa na kiwanda cha umma, DOWICO. Baadaye vikaja vya watu binafsi, kama kile cha Hombolo kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako Shiraz inapandwa kwa jina lake la Kifaransa, Syrah. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na aina moja ya zabibu nyekundu imepewa jina la mahali hapo. Wakulima walio wengi ni familia zenye ekari moja au mbili, na kilio chao cha miaka mingi ni soko: zabibu ikishaiva haimsubiri mnunuzi. Mwenye nguvu ya kukamua na kuhifadhi mwenyewe hana hofu hiyo, naye ni mmoja kati ya wengi. Wenye kahawa hapa Tarime wanaujua wimbo huo.

Kwa Wakatoliki kikombe hakina mjadala kama wetu. Sheria ya Kanisa lao inataka divai ya kweli ya zabibu, isiyoharibika. Wakati mapadre wa Maryknoll wanaingia Musoma mwaka 1946, na kabla yao Mapadre Weupe walioanzia Nyegina mwaka 1911, divai ya misa ilibidi isafiri mbali hadi ifike huku. Parokia ya Rosana, hatua chache kutoka Tarime mjini, haiwezi kutumia rosela yetu hata kama imepikwa na mwanamke mtakatifu kuliko wote. Waadventista wa Sabato, kwa upande wao, wako pamoja nasi kwa juisi, na kama sisi hutawadhana miguu kabla ya kushiriki. Wakati mwingine jirani unayempinga zaidi juu ya siku ya ibada ndiye mnayefanana naye zaidi mezani.

Hoja niliyowapa wazee ilikuwa fupi. Nilisema kwamba hatuwezi kumwambia mgeni kuwa divai yake ni dhambi, kwa sababu mababa zetu wa imani waliitumia kuliko walivyotumia juisi. Wala yeye hawezi kutuambia kuwa rosela yetu si Meza, kwa sababu waliotuachia kikombe hiki walikilipia kwa mashamba yasiyopaliliwa. Nikawasomea Yeremia 35, habari za Warekabi: ukoo ulioamriwa na babu yao Yonadabu usinywe divai wala kupanda mizabibu. Yeremia aliwawekea mabakuli ya divai mbele yao, ndani ya nyumba ya Bwana, nao wakakataa. Mungu hakusema kwamba divai ni mbaya. Hekalu lenyewe lilikuwa na sadaka ya divai. Aliwasifu kwa kuwa waaminifu kwa neno walilopewa. Kisha nikasoma Warumi 14, na hapo sikuwa na la kuongeza, maana sote tulikuwa tunamtazama mtu mmoja.

Mzee mwenye Biblia magotini alikuwa wa kwanza kusema. Alisema bado anaamini kwamba Kana ilikuwa divai, na hatabadilika mpaka aingie kaburini, lakini yuko tayari kunywa rosela mpaka siku hiyo kwa ajili ya ndugu yake. Ndugu yake akasema hakuomba watu wazima wanyweshwe juisi kwa ajili yake. Wakabishana tena, lakini safari hii kila mmoja alikuwa anajaribu kumwachia mwenzake nafasi. Mchungaji akaandika kwenye kumbukumbu kwamba kikombe kitabaki kama kilivyo na kwamba zawadi imepokelewa kwa shukrani.

Wiki ya Pasaka mgeni alirudi kutoka Mugumu ili ashiriki nasi. Rosela ilikuwa nzito mwaka huo. Kina mama walikuwa wameambiwa kuhusu maganda, nao wakaiacha iloweke usiku kucha. Katika kutawadhana miguu wanaume walijipanga kwenye mabenchi, na mzee wetu akaenda moja kwa moja kuketi karibu na mgeni. Kwao Walutheri hawana desturi hiyo. Mzee alipoinama na beseni, mgeni bado alikuwa amevaa soksi, na ilibidi aelekezwe kwa ishara kuzivua.

Chupa haijafunguliwa. Iko kabatini kwenye chumba cha mchungaji, nyuma ya yale mabeseni.